Mzee anapima joto la mwili 34.8 asubuhi, ni uzee au kuna jambo?

Binti_wa_Kambi: Wakubwa, shikamooni. Baba ana miaka 71, mstaafu wa jeshi, anaishi Kabale na mdogo wangu. Mimi niko Kampala. Leo ni asubuhi ya tatu anapimwa kwapani, 34.8. Kule ni kama mita 2,000 juu, baridi ya alfajiri mnaijua. Hatetemeki na anaongea, ila amekuwa mzito: anasinzia mchana, koti havui hata jua likiwaka, choo kigumu. Jioni anapata waragi (pombe kali) kidogo "ya kupasha damu". Nifanyeje?

Nesi_wa_Zamu: Dada, apimwe upya sasa hivi. Kwapa likaushwe, kipimajoto kiguse ngozi, mkono ubanwe mpaka kilie. Kwapani husoma chini kidogo kuliko mdomoni, na vile vya kuelekeza kwenye paji hudanganya ngozi ikiwa baridi. Ikibaki chini ya 35, hospitali leo, si kesho. Kutotetemeka kusikupe moyo, mwili ukipoa sana huacha wenyewe. Mkingoja gari: nguo zenye unyevu zitoke, mablanketi, kofia, chai ya sukari kama anameza vizuri. Chupa ya maji moto iviringishwe kitambaa, ikae kifuani au kwapani. Msimsugue miguu, wala msimwogeshe maji ya moto.

Hata namba ikiwa nzuri, hilo koti la juani pamoja na choo kigumu vinanipeleka kwenye tezi ya shingo. Inajulikana kwa kupima damu. Waangalie na sukari, na dawa anazomeza. Wazee wengine hata wakiwa na maambukizi makali hawapandi homa, wanashuka.

Tanboi_Katuna: Waragi ni joto la uongo. Damu inakimbilia kwenye ngozi, unajiona moto, kumbe joto ndiyo linatoka hivyo. Nimelala chini ya lori miaka, najua.

Nesi_wa_Zamu: Kweli kabisa, Tanboi.

Mama_Pacha: Samahani, huyo mzee analala na sigiri (jiko la makaa) chumbani? Huo usingizi wa mchana unanitisha. Moshi wa makaa unaoonekana una afadhali, unaoua hauna rangi wala harufu.

Binti_wa_Kambi: Nimerudi. Mdogo wangu alikuwa anakichomeka kipimajoto juu ya fulana na kukitoa kabla hakijalia! Leo kwenye ngozi: 35.9. Hata hivyo wamekwenda kliniki, sukari iko sawa, damu ya tezi imechukuliwa, tunangoja. Mama Pacha, nilimpigia mdogo wangu simu kuuliza. Sigiri ipo, pembeni ya kitanda, na dirisha limezibwa kwa gunia. Wameitoa nje jana, wakamwongezea blanketi mbili. Mzee amenuna, anasema jeshini hakuna aliyempangia pa kuota moto.