Draiva zimekataa baada ya kuhama kutoka Windows 7 ya biti 32 kwenda Windows 10 ya biti 64

Mwalimu wa Pasua, Moshi

Habari zenu, ndugu. Naomba msaada kuhusu kompyuta mpakato ya nyumbani, niliyoinunua ikiwa imeshatumika, na ambayo wanangu huisomea kila jioni. Ilikuwa na Windows 7 ya biti 32. Mwezi uliopita nilimpelekea fundi aiongezee kumbukumbu ifike GB 8, naye akanieleza kwamba mfumo wa biti 32 hauwezi kutumia zaidi ya GB 4, hivyo akaweka Windows 10 ya biti 64. Tangu niirudishe nyumbani, Wi-Fi haionekani kabisa, na printa yangu ya leza, ambayo ndiyo ninayochapia mitihani ya majaribio, imekataa diski iliyokuja nayo kwa maelezo kwamba programu iliyomo hailingani na mfumo huu.

Jirani alinipa katika flashi programu inayodai kusasisha draiva zote (programu ndogo zinazoiwezesha kompyuta kutumia vifaa vyake) kwa mkupuo. Niliiendesha, na tangu hapo maandishi ya skrini yamekuwa makubwa na yaliyovutwa pembeni. Je, nirudi Windows 7?

Fundi wa Kaloleni, Arusha

Shikamoo, Mwalimu. Nakuomba usirudi. Microsoft iliacha kuitolea Windows 7 marekebisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020, na mashine inayotumiwa na watoto kwenye intaneti haifai kubaki bila ulinzi huo. Windows 10 nayo ilifikia ukomo wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, ila kwa kompyuta ya umri huo Windows 11 ni vigumu, kwa kuwa inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0.

Kilichokukwamisha ni hiki: programu ya kawaida ya biti 32 hufanya kazi ndani ya mfumo wa biti 64, lakini draiva haiwezi, kwa sababu yenyewe huungana na mfumo moja kwa moja na lazima iandikwe kwa biti zilezile. Diski ya printa yako haina ubovu wowote. Imeandikwa kwa ajili ya mfumo ambao haupo tena kwenye mashine yako.

Anza na skrini. Kwanza tengeneza kituo cha kurejeshea mfumo (restore point), ili uweze kurudi nyuma mambo yakiharibika, kisha uiondoe kabisa programu ya jirani. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika devmgmt.msc, na dirisha la vifaa litafunguka. Chini ya kifaa cha picha (Display adapters) chagua kukiondoa, uweke alama kwenye kisanduku kinachokubali kufuta na draiva yake, kisha uiwashe upya kompyuta. Usipoweka alama hiyo, Windows itaichukua tena draiva ileile mbovu kutoka ghala lake, nawe utadhani hujafanya lolote. Nimeona watu wakirudia kazi hii mara tatu kwa sababu ya kisanduku hicho kimoja.

Halafu fungua sifa za kifaa cha Wi-Fi, nenda ukurasa wa Details, uchague Hardware Ids, na utuandikie namba unazoziona. Tafadhali usipakue chochote kabla ya hapo.

Kijana wa Sakina

Mwalimu, mimi draiva ikikataa huwa naiwasha kompyuta kupitia mipangilio ya kuanzia na kubonyeza F7, ili ukaguzi wa saini uzimwe. Draiva nyingi za zamani huingia kwa njia hiyo.

Dada wa Njiro

Mdogo wangu, njia hiyo ipo, lakini hudumu kwa uwashaji huo mmoja tu. Ukizima na kuwasha tena, ukaguzi unarudi na kifaa kinaweza kuonyesha kosa namba 52. Zaidi ya hayo, saini ndiyo inayothibitisha kwamba faili haikuchezewa tangu ilipotoka kwa mtengenezaji. Kwenye kompyuta ya familia singeiondoa kinga hiyo kwa ajili ya printa.

Mwalimu wa Pasua, Moshi

Marahaba, fundi, na ahsanteni nyote. Skrini imerudi sawa baada ya kuweka alama kwenye kile kisanduku. Kwa Wi-Fi naona kosa namba 28, na namba za kifaa zinaanza na PCI\VEN_14E4&DEV_4727. Tatizo ni kwamba siwezi kupakua draiva kwa sababu sina intaneti, na intaneti sina kwa sababu sina draiva.

Dada wa Njiro

Kosa 28 lina maana kwamba kifaa kinaonekana lakini hakijawekewa draiva, kwa hiyo kadi yako ina uwezekano mkubwa wa kuwa nzima. VEN ni mtengenezaji na DEV ni kifaa chenyewe: 14E4 ni Broadcom, na 4727 ni chipu ya BCM4313. Sasa una jina halisi la kutafuta, badala ya kubahatisha kwa jina la kompyuta lililobandikwa kwenye kifuniko.

Kuhusu intaneti, unganisha simu yako kwa waya wa USB, kisha kwenye mipangilio ya simu uruhusu kushiriki intaneti kupitia USB. Kwa simu nyingi za Android, Windows 10 huitambua kama kadi ya mtandao bila kuhitaji chochote. Baada ya hapo iache Windows itafute yenyewe masasisho ya draiva. Isipopata, nenda kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa kompyuta na uchague toleo la biti 64. Angalia bando lako kwanza, kwa sababu Windows ikipata mtandao huanza kushusha na masasisho yake mengine makubwa.

Fundi wa Kaloleni, Arusha

Kwa printa, tazama kwenye kitabu chake kama inaelewa PCL au PostScript, yaani lugha ambazo kompyuta hutumia kuielekeza printa namna ya kuchora ukurasa. Ikiwa inaelewa, watengenezaji wengi wana draiva moja ya jumla ya biti 64 inayohudumia modeli nyingi. Ikiwa ni ile aina inayoiachia kompyuta kazi yote ya kuandaa ukurasa, draiva ya jumla haitasaidia, na hapo ningejaribu kuiwasha kompyuta kwa Linux, mfumo mwingine wa uendeshaji, kutoka kwenye flashi, bila kuisakinisha, ili kuona kama inaitambua printa.

Mwalimu wa Pasua, Moshi

Wi-Fi imepatikana usiku huohuo kupitia simu. Kitabu cha printa kinataja PCL 6, nami nimeweka draiva ya jumla ya mtengenezaji na kuchapa kurasa 40 za jaribio la hisabati bila kukwama. Kuchapa pande mbili ndiko bado hakutokei kwenye machaguo, kwa hiyo kwa sasa ninageuza karatasi kwa mkono.

Fundi wa Kaloleni, Arusha

Fungua sifa za printa, uingie kwenye ukurasa wa mipangilio ya kifaa, utafute sehemu ya vipuri vilivyofungwa. Draiva ya jumla haijui kama printa yako ina kigeuza karatasi mpaka uitamkie hapo.