Prado 120 ya dizeli au X-Trail T32? Naomba ushauri kabla ya kulipa

Wakuu, habari za kazi. Naomba ushauri kati ya Prado J120 yenye injini ya 1KD, dizeli lita 3.0, na Nissan X-Trail T32 ya petroli lita 2.0. Njia ni Dar hadi Malinyi kupitia Mikumi na Ifakara; masika huko mwisho kuna tope jeusi linalomeza rimu.

Prado ina chesisi ya fremu, 4L (gia nzito ya 4x4) na difu loki ya kati (inafunga ekseli ya mbele na ya nyuma zizunguke pamoja), hapo sina shaka. Hofu ni injini: washa (pete) za shaba chini ya nozeli za dizeli zikivuja, gesi ya mwako inaingia kwenye oili, masizi yanaziba chujio ndani ya sampo (bakuli la oili chini ya injini), oili haipandi, injini inakufa. Je, kufungua sampo na kukagua chujio kunatosha, au nozeli nazo zipimwe kwenye mashine? Mkanda wa taimingi nitabadilisha vyovyote vile.

X-Trail ni mpya zaidi na inakunywa kidogo, ila haina 4L, na CVT (giaboksi yake ya otomatiki isiyo na hatua za gia) ikilazimishwa kwenye tope inachemka, gari inajipunguzia nguvu. Mnaoitumia njia za aina hii, oili ya NS-3 ya hiyo CVT mnabadilisha kila kilometa ngapi?