Tupeane uzoefu: "Neno la leo" na michoro iliyotuunganisha wakati wa kujifungia kwa korona

#1 (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Uzi huu ni wa wale waliopitia makundi ya "neno la leo" kipindi kile cha korona. Kwa asiyejua, ilikuwa hivi: asubuhi mtu mmoja anatoa neno, tuseme "funguo". Kila mwanakundi anachora kwa kalamu aliyonayo, anapiga picha, anatuma kabla ya kulala. Hakuna mshindi wala zawadi.

Utaratibu wenyewe ni wa zamani kidogo. Mchoraji wa Marekani Jake Parker alianzisha Inktober mwaka 2009, mchoro mmoja wa wino kila siku kwa siku 31 za Oktoba, na wachoraji wengi duniani wakaufuata. Ila Shirika la Afya Duniani lilipotangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba UVIKO-19 ni janga la dunia nzima, na nchi moja baada ya nyingine ikaanza kufunga shule na ofisi, kuchora kwa neno la siku kukahama kutoka kwa wachoraji kwenda kwa watu ambao hawakushika penseli tangu utotoni. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Kundi letu lilikuwa la watu waliowahi kuishi jirani kisha wakatawanyika. Kabla ya michoro tulikuwa tunaulizana "mko salama?" na jibu lilikuwa "tuko salama", basi, mazungumzo yameishia hapo. Siku neno lilipokuwa "viatu vya mlangoni", mama mmoja alichora viatu vya shule vya mwanawe vikiwa vimekatwa mbele kwa kisu, vidole vya mtoto vikitokeza. Mtoto alikuwa amekua, maduka yamefungwa na kazi ya mama imesimama. Hakuna aliyekuwa amemuuliza, na namjua, asingesema. Aliyekuwa na mtoto mkubwa kidogo alipata njia ya kumfikishia jozi nyingine ndani ya wiki.

Tangu hapo naamini kabisa kwamba nguvu ilikuwa kwenye neno dogo la kitu kinachoshikika. Tulipojaribu "matumaini" watu walinyamaza, na "upweke" ndiyo kabisa. Lakini ukisema "taulo", kila nyumba ina lake, na ukiyatazama yakiwa pamoja unajua nani anaishi vipi.

Nyie je? Neno gani lilikubali kwenu, lipi lilikataa? Na mliokuwa hamjui kuchora, mliingiaje?

#2

Asante kwa uzi mkuu. Mimi ni mwalimu wa madarasa ya chini. UNESCO ilikadiria wakati ule kwamba wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 walikuwa nje ya shule, na wa kwangu walikuwemo. Nilichochewa na Mo Willems, mchoraji wa vitabu vya watoto, ambaye kuanzia Machi 16 mwaka 2020 alikuwa akichora mbele ya kamera kwa ushirikiano na Kennedy Center, kituo cha sanaa cha Washington, siku za kazi, huku watoto wakichora naye kutoka majumbani.

Wazazi wengi wa darasa langu hawakuwa na bando la kuangalia video. Nikawa natuma neno kwa ujumbe mfupi wa kawaida, mtoto anachora nyuma ya daftari lolote, na tukakubaliana kwamba michoro yote italetwa shule zikifunguliwa.

Siku ya neno "mlango" kuna mtoto aliyechora nyumba yao kwa kuiangalia kutoka juu, mfano wa ramani. Kila mtu kamweka mahali anaposhinda: bibi kitandani, mama kwenye meza, wadogo zake chini ya meza. Baba alikuwa mlangoni na begi la kazi mgongoni, akiangalia nje. Nilipoiona ndipo nilipoelewa kwa nini mtoto huyu alikuwa halali, maana mama yake alikuwa amenieleza tu kwamba "usiku anasumbua". Nilimpigia baba, tukazungumza kirefu.

Naunga mkono hoja ya neno dogo. Mtoto wa miaka saba ukimwambia achore "hofu" atakuchorea jini. Mwambie "mlango" na hofu yake utaiona hapo.

#3

Naleta ya wodini. Tulikuwa tumevaa vazi la kujikinga kuanzia kichwani hadi miguuni, barakoa na ngao ya uso juu yake, na mgonjwa anayeshindwa kupumua haoni hata kama unamtabasamia. Wakati wa Ebola nchini Liberia, msanii wa Marekani Mary Beth Heffernan alikuwa amefanya kazi ya kuwabandikia wahudumu picha za nyuso zao juu ya vazi, na mwaka 2020 hospitali kadhaa zikalirudia wazo lile. Sisi printa ilikuwa imeharibika. Tukachora nyuso zetu wenyewe kwa kalamu nene na kuzibandika kifuani kwa plasta.

Wagonjwa wakaanza kutuomba karatasi. Ndipo neno la leo likaanza: muuguzi wa zamu ya asubuhi analiandika kwenye ubao wa wodi, na anayeweza kushika kalamu anachora. Karatasi haikuruhusiwa kutoka mle ndani, kwa hiyo simu ya wodi tuliifunga kwenye mfuko wa plastiki unaopanguswa kwa dawa, tunapiga picha, tunawatumia ndugu. Mfuko ulikuwa unafanya picha ziwe na ukungu na ndugu walikuwa wanalalamika, tukajifunza kuuvuta ubane kwenye kioo cha kamera kwa kidole gumba.

Kuna mzee aliyekuwa kwenye oksijeni ya kasi, hawezi kuongea kwa barakoa ile. Neno lilikuwa "mkono". Akachora mkono wake wenye kanyula, ule mrija mdogo wa dripu, mishipani, halafu akachora mkono wa pili umeushika. Tulipomtumia mkewe picha ile alijibu kwa kuchora wa kwake. Waliendelea hivyo, yeye na mkewe, mpaka mzee akaruhusiwa kurudi nyumbani. Nasema haya nikijua wapo wengine waliochora vizuri na hawakuruhusiwa.

#4

Mimi nitapingana na mleta uzi kidogo. Neno dogo linaweza kuumiza pia. Kundini kwetu lilitolewa neno "dirisha". Picha zikamiminika, mmoja kachora bustani, mwingine mti wenye ndege, mwingine barabara tupu. Mimi chumba changu dirisha lake lilikuwa linatazama ukuta wa jirani, unaweza kuugusa. Niliona aibu, sikutuma kitu siku ile wala zilizofuata.

Aliyekuwa anatoa maneno alinifuata pembeni, akaniuliza kwa upole. Kisha akaweka kanuni ambayo nadhani ndiyo iliyoliokoa kundi letu: unaweza kuchora unachokiona, unachokikumbuka, au unachokitamani, na ni marufuku kumuuliza mwenzako ni kipi kati ya hivyo vitatu. Baada ya hapo nilichora madirisha mengi, na ukuta nao niliuchora. Ule wa ukuta ndio uliojibiwa na watu wengi zaidi.

Kwa hiyo nakubali neno dogo, ila liende na uhuru wa kudanganya.

#5

Sisi ndugu wa tumbo moja, nyumba tatu tofauti, tulikuwa tunacheza ule mchezo wa kukunja karatasi ambao wasanii wa Paris waliucheza miaka ya 1920. Wa kwanza anachora kichwa, anakunja, wa pili anachora kiwiliwili bila kuona kichwa, wa tatu miguu.

Kwa simu tulifanya hivi: aliyechora kichwa anakata picha na kumtumia mwenzake ukanda mwembamba wa chini tu, zile alama mbili za shingo zinapoishia. Wa pili anaanzia kwenye alama zile na kufanya vivyo hivyo kiunoni. Ikifika usiku, yule wa tatu anaunganisha vipande vyote. Tukapata askari mwenye kiwiliwili cha kabati na miguu ya kuku. Mama yetu, ambaye alikuwa hacheki tangu zuio lianze, alikuwa anasubiri saa ile na kutupigia kama tumechelewa.

#6

La kwetu lilikufa mapema, naomba niseme kwa nini ili wengine wajue. Aliingia mchoraji wa kazi, mtu mzuri tu, michoro yake ya kupendeza kweli. Watu wakaanza kuisifia ya kwake na kuipita ya wengine. Halafu mwingine akaanza kusahihisha, "hapa kivuli kimekosewa", "kikombe hakikai hivi". Ndani ya muda mfupi waliokuwa wanatuma walibaki watatu wanaojua. Kama unaanzisha, piga marufuku masahihisho kuanzia siku ya kwanza. Anayetaka kujifunza aombe pembeni.

#7

Nikiongezea kwa #6: kuna dawa ya hilo. Tulikuwa tunachora bila kuangalia karatasi. Macho yanabaki kwenye kitu, kalamu hainyanyuliwi, unafuata ukingo polepole mpaka unaporudi ulipoanzia. Ukichora kiatu hivyo kitatoka kimepinda, kamba zimehamia kwenye soli, hata uwe umesomea sanaa. Wote mnakuwa sawa. Na kwa sababu huangalii ulichochora, akili inatulia kwenye kitu chenyewe: unaona uzi uliochomoka, unaona kisigino kilivyolika upande mmoja.

Kuhusu kutulia, Girija Kaimal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Drexel walichapisha utafiti mwaka 2016. Waliwapa watu wazima 39 dakika 45 za kufanya sanaa wanayotaka, na kwa takriban asilimia 75 yao homoni ya msongo, kotisoli, ilishuka. Uzoefu wa kuchora haukuleta tofauti ya maana. Nilikuwa nawatumia habari hii kila aliyeniambia "mimi sijui kuchora". Wazee nilikuwa nawatajia David Hockney, mchoraji maarufu wa Uingereza, ambaye majira yale ya kuchipua ya 2020, akiwa na miaka 82, alikuwa amejifungia Normandy kule Ufaransa akichora miti na maua kwenye iPad.

#8

Nimesoma mpaka hapa nikaona niseme na letu, ingawa si jepesi.

Kundi letu lilikuwa la ukoo. Baba mkubwa ndiye aliyekuwa anatoa maneno, na aliyachagua kwa makini, unaona kabisa amekaa akafikiri. Alikuwa anachora kwa kalamu ya bluu kwenye karatasi za mistari na kuandika saa pembeni. Neno lake la mwisho lilikuwa "kiti". Siku ya pili yake hakukuwa na neno, akawa ameshapelekwa hospitali, na hakurudi.

Mazishi yaliruhusiwa watu wachache sana. Sisi tulio mbali hatukufika, na hata walio karibu wengi walibaki majumbani. Kwetu mtu akifa watu wanakaa pamoja, wanalala hapo, wanamsimulia marehemu mpaka wanacheka. Hilo lilikatazwa. Usiku ule shangazi akaandika kundini: "Kila mtu achore kitu kimoja cha kaka yangu anachokikumbuka." Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Zikaja usiku kucha. Redio yake yenye waya wa nguo badala ya antena. Miwani iliyofungwa uzi kwenye mkono mmoja. Fimbo. Kofia, na kofia ile ilichorwa na watu wengi, kila mmoja kaiweka upande tofauti wa kichwa, tukaanza kubishana ilikuwa inakaa upande gani. Binamu yangu, anayeishi ng'ambo na ambaye hakuwahi kutuma mchoro hata mmoja, alichora makucha ya mguu wa baba mkubwa, kwa sababu akiwa mdogo ndiye aliyekuwa anatumwa kuyakata. Tulicheka na kulia. Yalikuwa matanga, na sijui neno jingine la kuyaita.

Michoro ile shangazi aliichapisha yote na kuishona ikawa kitabu. Tuliporuhusiwa kukutana kilipita mkono hadi mkono, na wajukuu waliozaliwa baada ya hapo wanamjua babu yao kwa redio na kofia.

#9 (mleta uzi)

#8, pole sana ndugu yangu, na asante kwa kutuamini. #4, nimekubali. Kanuni ya "usimuulize" naichukua, tungekuwa nayo kundi letu lingedumu zaidi.

#10

Naomba msaada wa haraka wakuu. Korona imepita lakini dada yangu yuko kwenye matibabu yanayomlazimu akae chumba cha peke yake kwa muda mrefu, wageni wanazuiwa. Simu anayo. Hataki kuongea, anasema hana la kusema. Nianzeje? Yeye si mchoraji na mimi pia.

#11 (mwandishi wa #3)

Anza wewe, usimwombe. Leo usiku chora kitu kimoja kilicho karibu nawe kwa ile njia ya #7, bila kuangalia karatasi, mtumie bila maelezo. Kesho mtumie kingine. Siku ya tatu mtumie neno tu, na liwe la kitu ambacho hata chumba cha hospitali kinacho: swichi ya taa, foronya, chupa ya maji, mkono wa kushoto, pindo la pazia. Usitoe "dirisha" mpaka ujue chumba chake kina nini.

Akinyamaza, endelea kutuma vya kwako. Akituma mstari mmoja uliopinda, usiusifie sana, jibu kwa mchoro. Waulize wauguzi kuhusu karatasi na kalamu, kwa sababu wodi nyingine zinataka vitu vinavyoingia vipanguswe kwanza, na kalamu ya wino inavumilia hilo kuliko penseli ya mbao. Karatasi yenyewe atapiga picha, haina haja ya kutoka.