Naomba ushauri: kikundi chetu cha kusaidia majirani kimeanza kuleta maneno

Habari zenu wakuu. Huku Mbagala tuko watu tisa tunajitolea tu, kila mwisho wa mwezi tunachanga tunanunua unga, maharage, mafuta ya kupima na sabuni za mche tunawapelekea wazee na wagonjwa wa mtaani. Sasa hela zote zinaingia kwenye simu yangu, na juzi bibi mmoja kapata kilo tatu jirani yake tano (huyo jirani ana wajukuu wanne jamani!) basi ikawa ooh eti mimi nakula michango. Nimeumia kweli. Tunataka kujisajili tufungue akaunti, je tuanzie kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata au tuwe NGO kabisa kwa ile sheria ya 2002? Na mgao mnaupangaje bila kuwaanika watu?