Kuweka visima vya gesi kwenye ardhi iliyochafuliwa na viwanda: tuunge mkono au tupinge?

Mleta mada

Wakuu, naomba tulijadili hili. Jimbo la Pennsylvania, Marekani, limekalia mwambatope (mwamba uliotokana na matope yaliyoganda) uitwao Marcellus, ambao gesi yake hutolewa kwa kupasua mwamba kwa maji yenye shinikizo kubwa. Kisima cha kwanza kilichofanikiwa kwa njia hiyo kilipasuliwa mwaka 2004. Jimbo hilohilo limejaa viwanja vya viwanda vilivyokufa, vya chuma, zinki na makaa ya mawe, vyenye sumu kama madini ya risasi na aseniki kwenye udongo.

Wapo wanaosema mambo haya mawili yaunganishwe: badala ya kufyeka misitu na kumega mashamba, shughuli za gesi ziende kwenye ardhi iliyokwisha kuharibika, na fedha ya gesi ilipie usafishaji. Mimi nakubali kwa mitambo ya juu ya ardhi. Kwa visima nasita sana, na sababu nitaieleza.

Mchangiaji wa 1

Mkuu, tazama Monaca, mji wa hukohuko Pennsylvania, kando ya Mto Ohio. Kiwanda cha kuyeyushia zinki kilifungwa 2014. Shell ikasafisha eneo na kujenga mtambo wa kugeuza ethani, inayotoka pamoja na gesi hiyo, kuwa plastiki. Ulianza kazi Novemba 2022. Nani mwingine angegusa udongo ule? Barabara, reli na mto vipo tayari, na hakuna shamba lililoguswa.

Mchangiaji wa 2

Tuulize pia nani alilipa. Jimbo liliweka nafuu ya kodi ya hadi dola bilioni 1.65 kwa miaka 25. Na Mei 2023 kampuni ilikubali kulipa karibu dola milioni 10 kwa kuvuka viwango vya uchafuzi wa hewa. Walioishi jirani na moshi wa zinki ndio hao hao wanaopokea huu mpya. Kila mara "ardhi iliyokwisha kuharibika" ina watu pembeni yake, tena wasio na uwezo wa kuhama.

Mleta mada

Nyote mna hoja, na hiyo ya majirani inaniuma. Sasa nieleze kuhusu visima.

Sheria Na. 13 ya 2012 ya jimbo hilo inasema maji ya jirani aliye ndani ya futi 2,500 (kama mita 760) yakichafuka ndani ya miezi 12 baada ya kazi ya kisima, kampuni inahesabiwa kuwa ndiyo iliyochafua hadi ithibitishe vinginevyo. Ni ngao nzuri kwa mnyonge. Lakini kampuni inaweza kujitetea kwa vipimo vya kabla ya kuchimba vinavyoonyesha uchafu ulikuwepo. Kwenye kiwanja cha kiwanda kilichokufa, utetezi huo unaisubiri kampuni tangu siku ya kwanza.

Mchangiaji wa 3

Si rahisi hivyo, mkuu. Maji yanayorudi juu kutoka kisima cha gesi yana alama zake: chumvi nyingi, na kemikali kama bromidi, bari, stronti na radiamu. Kiwanda cha zinki huacha risasi na kadimi, metali zenye sumu. Maabara itatofautisha.

Mleta mada

Itatofautisha iwapo vitu hivyo vyote vilipimwa mapema. Na hata hapo uchafu haukai umetengana. Maji ya chumvi yakimwagika kwenye udongo wenye kadimi, kloridi iliyomo kwenye chumvi huishika kadimi na kuiwezesha kusafiri na maji. Ikifika kwenye kisima cha maji cha jirani, jirani amshitaki nani? Kadimi ni ya kiwanda cha zamani, chumvi ni ya kampuni ya gesi, na kila mmoja atamnyooshea mwenzake kidole.

Ongeza Sheria Na. 2 ya 1995, inayoruhusu ardhi isafishwe kwa kiwango cha matumizi ya viwanda tu, kisha mmiliki aondolewe dhima. Kwa ghala lenye sakafu ya zege, sawa. Kwa kisima kinachotoboa udongo huohuo, saruji inayozunguka bomba ikivuja, zege la juu halisaidii kitu.

Kwa hiyo masharti yangu ni haya: metali na alama za gesi zipimwe pamoja kabla ya kuchimba, na mpimaji asiyechaguliwa na kampuni, kampuni ilipe, majirani wapewe majibu mikononi. Na msamaha wa dhima usihusu chochote kitakachotikiswa na kisima. Anayeona masharti haya yanazidi, aseme ni lipi angeliondoa.