Tupeane uzoefu: Kezilahabi, mshairi mwanafalsafa, ulikutana naye wapi na alikufanya nini?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Kuna jamaa kazini kanitamkia kwamba Waswahili tuna malenga wa kumwaga ila mwanafalsafa hatuna. Nikamtajia Euphrase Kezilahabi. Akashangaa: "Si yule wa Rosa Mistika?" Ndiyo, yule yule, mzaliwa wa Namagondo kule Ukerewe mwaka 1944, aliyetutoka Januari 2020. Watu wanamjua kwa riwaya, wengine kwa sababu tu kitabu kile kiliwahi kupigwa marufuku shuleni. Mimi nimenasa kwenye mashairi: Kichomi (1974), Karibu Ndani (1988) na Dhifa (2008). Na ufalsafa wake si cheo tulichombandika sisi mashabiki. Udaktari aliuchukulia Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, mwaka 1985, na tasnifu yenyewe ilihusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi.

Naanza na yangu. Mashairi niliyokulia yalikuwa yakifika kaditama yanakukabidhi wosia: fanya hivi, epuka vile. Halafu nikakutana na "Kisu Mkononi". Msemaji kashika kisu, miaka inampita, nyuma harudi, mbele haoni pa kukanyaga. Nikangoja atokee mzee wa kumpa nasaha. Hatokei. Anaamua mwenyewe kuendelea kuishi, akizunguka na kamba yake kama ng'ombe aliyefungwa, na mpigo wa moyo ndio muziki anaoufuata. Angalieni hapo: kamba haikatiki! Hapewi uhuru wala ahadi ya kesho njema, na bado anazunguka. Wakati nalisoma nilikuwa nimekwama kimaisha, sitaki hata kueleza, na kila aliyekuja kunifariji alikuja na "kila kitu kitakuwa sawa". Shairi hili halikunidanganya hivyo. Ndiyo maana nililiamini.

Karibuni na zenu.

Binti wa Nansio

Sisi wa kisiwani kila mtu atakwambia ni ndugu yake, hilo tuliache, haha.

Mimi kwangu ni riwaya yake, Kichwamaji. Najua umesema mashairi, mkuu, ila mtu huyu huwezi kumkata vipande. Kazimoto msomi wa chuo kikuu anarudi kijijini Ukerewe, anakaa na wazazi wake na maneno hayakutani. Nilikisoma likizo, niko nyumbani, baba yuko uani anatengeneza nyavu. Ananiuliza masomo yanaendaje, namjibu "mazuri", basi, tumemaliza. Nikafungua kitabu, nakuta ukimya ule ule umeandikwa. Baba aliposikia kwamba Kazimoto mwishoni anajiua akauliza, "Sasa huyo mwandishi anafundisha nini?" Nikaanza kumweleza, na jioni ile tuliongea mpaka chakula kikapoa. Yeye alishikilia kwamba kijana yule alikosa watu, mimi nikasema alikosa sababu. Hatukuafikiana, na mpaka leo akinipigia simu ananichokoza kwa jina la Kazimoto.

Mzee Mizani

Salaam wanangu. Mimi nitasema lisilopendeza. Kichomi si ushairi, hakina vina wala mizani. Tulifunzwa na kitabu cha Amri Abedi, Sheria za Kutunga Mashairi, 1954: mshororo mizani (silabi) kumi na sita, nane kwa nane, kina cha kati na kina cha mwisho. Asiyeweza aandike insha. Mabishano haya yaliwaka miaka ya 70 na kwangu hayajazima.

Fikra anazo, sikatai. Lakini Shaaban Robert naye alifikiri, tena ndani ya vina. Na huyo Kezilahabi wenu alilijua hilo, maana tasnifu yake ya uzamili ya 1976 ilikuwa juu ya Shaaban Robert huyo huyo.

Mleta mada

Shikamoo mzee wangu. Hoja ya Shaaban Robert naipokea kwa mikono miwili. Ila mimi naona kuacha vina ndiyo sehemu ya falsafa yenyewe. Mtu anayetilia shaka kila jibu lililokwisha kupangwa angeanzaje kwa umbo lililokwisha kupangwa? Na kwenye utangulizi wa Kichomi anajieleza kwamba anataka lugha ya kawaida, ile watu wanayozungumza kila siku.

Mzee Mizani

Marahaba. Lugha ya kila siku ninayo sokoni, mwanangu. Sihitaji kuinunua dukani.

Mwalimu wa Zamu

Mzee kauma! 😂

Nafundisha fasihi sekondari. Niliwasomea darasa "Kisu Mkononi" kwa sauti bila kuwaambia la nani, halafu nikanyamaza. Kijana mmoja wa nyuma, asiyenyoosha mkono hata siku moja, akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo ni kwamba hajashinda wala hajashindwa?" Kabla sijajibu, wa mbele wakamkatiza: ujumbe wa shairi ni upi, mtihani utauliza. Ubaoni nikaandika ujumbe kama mtaala unavyotaka, hoja zenye namba. Yule wa nyuma hakunakili. Alikuja ofisini baadaye kuomba kitabu, na mpaka naandika hapa hajarudisha. Simdai.

Kapuku Msomi

Riwaya yake Nagona nimeisoma mpaka mwisho, sikuelewa. Nikarudia, sikuelewa. Ni kijitabu chembamba, ila kimekula akili yangu kuliko vile vinene vyote. Mtu akiniomba nimgawie, simpi.

Binti wa Nansio

@Kapuku soma Mzingile, riwaya yake nyingine, baada ya hiyo. Hutaelewa pia, ila utakuwa na wenzako.

Mgeni Mtulivu

Naulizia tu, mimi sijawahi kumsoma. Nianze na kipi?

Mleta mada

Anza na Kichomi, ruka utangulizi, usome mashairi kwanza. Utangulizi uusome mwisho, ukiwa tayari una ubishi wako. Riwaya za mwanzo zifuate, na hizo za Kapuku, Nagona na Mzingile, uziache mpaka umzoee.

Na mimi nina shida: Dhifa yangu iliazimwa ikapotelea huko. Mwenye nakala Dar aniambie, nitaifuata mwenyewe.