Nichunguze nini kabla ya kukubali kazi ya kuendesha flatibedi ya shaba?

Msafiri_Mbagala:
Habari zenu wakuu. Nina leseni ya daraja E, na mpaka sasa nimekuwa nikisafirisha saruji kati ya Dar es Salaam na Mbeya. Kampuni moja imenipa nafasi ya kuendesha flatibedi (lori lenye tela bapa lisilo na kuta za pembeni), kupeleka mitambo ya migodini Kolwezi, Kongo (DRC), na kurudi bandarini na shaba. Mshahara si mbaya, lakini kila ninapouliza kuhusu posho ya safari, na nani atabeba hasara mzigo ukipungua, ninajibiwa kwamba tutaelewana nikishaanza. Nichunguze nini kabla ya kutia saini?

Mzee wa Tunduma:
Mdogo wangu, jibu hilo peke yake lingenitosha kuaga. Ikiwa bado una hamu, omba kuingia yadi, na usipoteze muda kutazama rangi ya vichwa vya malori, tazama matela. Bando moja la shaba, yaani fungu la vipande vilivyofungwa pamoja, lina uzito wa takribani tani 2 hadi 3, kwa hiyo mzigo kamili hulala chini na tela huonekana kama lina nafasi tele, lakini ukishika breki ghafla kwenye mteremko wa Kitonga, kinachozuia mabando yasikufuate kwenye kichwa ni minyororo, mikanda na ukuta wa mbele wa tela. Shika mkanda mkononi uone kama nyuzi zimeanza kukatika pale unapopita kwenye kona ya mzigo, kisha uliza nani hulipia mpya. Kampuni inayomtaka dereva anunue mikanda kwa posho yake, kesho itamtaka anunue tairi.

Zungumza pia na madereva waliotoka safari, si yule uliyepangiwa akutembeze. Waulize kama posho huongezwa foleni ya mpakani Kasumbalesa, kati ya Zambia na Kongo, inapowashikilia siku kadhaa.

Wakili_wa_Barabarani:
Kuhusu upungufu wa mzigo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukukata mshahara apendavyo. Ni lazima hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lako, upewe nafasi ya kujieleza, uwe umekubali deni kwa maandishi, na jumla ya makato isizidi robo ya mshahara wako. Kwa hiyo soma kwa makini karatasi yoyote inayokufanya ukubali mapema hasara ambayo bado haijatokea. Hakikisha pia kwamba wanachangia Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF).

Suala la mizani nalo liandikwe. Chini ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, gari lenye ekseli 7 haliruhusiwi kuzidi tani 56 pamoja na mzigo wake, na hupaswi kulipa faini ya mzigo uliopangwa na wengine.

Dada_Logistiki:
Naongeza moja, kwa kuwa nimekaa ofisi ya usafirishaji. Uliza kama dereva anapewa nafasi ya kuhesabu mabando na kulinganisha namba zake na hati kabla ya kusaini mgodini. Pale ambapo dereva hukabidhiwa bahasha iliyofungwa na kuambiwa aondoke, bando likikosekana Dar es Salaam yeye ndiye huanza kuhojiwa.

Msafiri_Mbagala:
Nashukuruni sana. Nimewaomba rasimu ya mkataba nikaisome nyumbani, wakasema mkataba husainiwa siku ya kukabidhiwa gari.

Mzee wa Tunduma:
Basi endelea na saruji yako, mdogo wangu, huku ukitafuta kwingine.